Dereva na Chesi ya Kijiji

Kijijini kwetu, kati ya Nyamuswa na Butiama, walikuwepo watu kadhaa waliojua kuendesha gari, lakini Dereva alikuwa mmoja. Ukisema "Dereva kapita," hakuna aliyekuuliza yupi. Hata mke wake alimwita hivyo, hasa akiwa amekasirika: "Dereva, ugali unapoa. Utatoka huko chini au nikusukumie sahani?" Huko chini ni chini ya landrova yake. Katika miaka niliyomjua, alikaa chini ya gari hilo muda mrefu kuliko alivyokaa ndani yake.

Kuhusu alikozaliwa na ukoo wake sitasema kitu. Wapo wanaoyajua hayo kuliko mimi na wanabishana mpaka leo. Nitamweleza kama nilivyomwona. Nilimwona kwa karibu kwa sababu nilikuwa katibu wa kijiji, kijana niliyemaliza sekondari Musoma nikarudishwa nyumbani kujenga Ujamaa, na kwa sababu jambo alilolitaka kuliko yote lilipita mikononi mwangu. Alitaka landrova yake itolewe kwenye chesi iliyooza, yale mataruma ya chuma yanayobeba gari zima, ikae juu ya chesi nzima, na itembee kabla ya mvua za kupandia pamba. Ikitembea, ingebaki mikononi mwake. Isipotembea, ingekuwa mali ya kijiji na yeye angeshika jembe kama sisi wengine. Sharti hilo nililiandika mimi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mgongo umeshajikunja kwa kuingia uvunguni. Alivaa koti la kaki lenye mifuko minne, jua liwake au mvua inyeshe, na kila mfuko ulikuwa na kazi yake. Ukimwomba kiberiti akakikuta kwenye mfuko usio wa kiberiti, alifadhaika kama mtu aliyepotea njia ya kwake mwenyewe.

Alikuwa na tabia ya kukizunguka kitu kabla ya kukitumia. Landrova kuizunguka, sawa, madereva wote wa zamani walifundishwa hivyo. Lakini yeye alilizunguka hata basi la abiria kabla ya kupanda, huku kondakta akipiga bati kwa kiganja na kumtolea maneno. Alizunguka baiskeli ya kuazima. Siku ya harusi ya shemeji yake kule Manyamanyama, Bunda, tulimwona anaizunguka meza ya chakula, mikono nyuma, akiitazama miguu yake mmoja mmoja. Mkewe akasema kwa sauti iliyowafikia na wageni wa bibi harusi, "Mwacheni, anaangalia kama ina upepo."

Hakuwa mnyenyekevu. Alidai kwamba kutoka Musoma mpaka Mwanza hakuna mtu aliyejua kusikiliza gia kama yeye, na alipokosea, na alikosea, lawama ilikwenda kwa barabara. Wakati mmoja alituzimikia porini karibu na Bunda, mafuta yamekwisha, kwa sababu alikataa kuingiza kijiti kwenye tangi. Alisema anasikiaga mafuta kwa sikio. Tulitembea mpaka jua likatuchoma utosi. Njiani akatuambia kwamba tangi ndilo lililodanganya. Mzee mmoja akamjibu, "Basi na sisi miguu yetu inatudanganya kwamba imechoka." Dereva hakucheka. Kwenye habari za gari hakuchekaga kabisa.

Gari lenyewe lilikuwa la mzungu wa pamba aliyemwajiri wakati wa mkoloni. Uhuru ulipokuja, yule bwana alifunga mizigo yake akamwachia gari kwa bei ya kuagana. Walioishi Iringo, pale Musoma mjini, siku hizo wanasema mtaa mzima ulitoka nje kutazama. Mtu wa hapa hapa mwenye gari lake, si la bosi, si la misheni. Alilipitisha barabara ile ile mara kadhaa mchana huo, akijifanya ana shughuli.

Mle ndani kulikuwa na sheria moja: samaki haingii. Akina mama waliotoka Musoma na vikapu vya furu na sato wa kukaushwa walimsihi njiani.

"Mama, samaki wako nampenda mezani. Kwenye gari ataniozesha chuma."

"Dereva, huyu mkavu, hana hata tone la maji."

"Harufu nayo ina maji."

Alikuwa akiwaacha na vikapu vyao, akaondoka polepole ili wamwone hana haraka. Lakini landrova hiyo hiyo, kwa miaka mingi, ilibeba ngozi mbichi za ng'ombe kutoka Bunda kwenda Musoma, ngozi zilizopakwa chumvi, zikivuja kwenye sakafu mpaka kwenye chesi. Ngozi zilikuwa mzigo wa kulipwa kwa uhakika kila wiki. Akina mama walikuwa na maneno matamu tu. Nilimkumbusha hilo mara moja. Akanijibu, "Ngozi ikifika inakuwaga kavu." Sikumwambia tena.

Chumvi ile ilimwonyesha kazi yake siku alipompeleka mama mmoja mjamzito hospitali ya Musoma. Nilikuwa nimekaa nyuma pamoja na wakwe wa yule mama. Tulipopita Butiama, barabara ikiwa nzuri kwa sababu wakubwa wa serikali walikuwa wanatarajiwa na greda lilikuwa limepita, mlango wa kushoto ukafunguka wenyewe. Dereva akasimama, akaufunga. Ukafunguka. Akasimama tena, akaupiga kwa bega. Haukuingia mahali pake, ulikuwa umebaki nje kwa upana wa kidole. Akashuka, akachuchumaa, akatazama chini ya gari. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mlango una nini?" nikamuuliza.

"Mlango hauna kitu. Gari linakatika katikati."

Mama yule alianza kulia kwa uchungu. Mkwe wake akasema twende haraka. Dereva akaufunga mlango kwa kamba ya katani, akaendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kila tulipofika kwenye shimo alizima kabisa akashuka kulitazama. Wakwe walimtukana. Mimi pia nilimsema, nakiri; nilimwambia mtu akifa humu atajibu yeye. Lakini mwendo wake haukubadilika. Tulifika, mtoto akazaliwa hospitali, wa kike. Njia ya kurudi alikataa kumpakia mtu yeyote, akatuambia tupande basi. Akalirudisha gari peke yake, akaliegesha nyumbani kwake, akasema halimbebi binadamu mpaka libadilishwe chesi.

Kijiji kilikuwa na chesi. Kilikuwa kimepewa landrova na wilaya wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, na mpwa wa mwenyekiti akaipindua darajani. Bodi ilipondeka, injini na matairi vikachukuliwa na wilaya, chesi ikabaki imewekwa juu ya mawe kando ya ghala letu la pamba, imenyooka, nzima, imepakwa rangi nyeusi. Kuku walitaga kivulini mwake.

Dereva alikuja kwenye kikao kuiomba. Alikuja amevaa koti, amelipiga pasi. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti ya kukata kuni, akamwuliza kijiji kitapata nini.

"Nitabebaga wagonjwa. Nitabebaga mbegu kutoka Bunda. Bure, mafuta yenu."

"Na gari litakuwa la nani, Ndugu Dereva?"

"Langu."

Hapo ndipo kikao kilipowaka. Mzee mmoja akasema ng'ombe ukimweka kwa rafiki, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na chesi ndiye ng'ombe. Mwingine akasema hapana, kuta zikiwa zangu na paa likiwa lako, anayelala ndani ni mwenye paa, maana bila paa hizo kuta ni uzio tu. Wakageuka wote kunitazama mimi, msomi. Nikawaeleza nilichokuwa nakijua: namba ya gari imegongwa kwenye chesi, kwa hiyo mbele ya serikali gari litakalotoka pale litakuwa la kijiji hata bodi ikiwa ya nani. Nikaona uso wa Dereva umeshuka. Nikataka kumsaidia, na nikiwa na umri ule nilidhani kumsaidia mtu ni kumtafutia maneno. Nikapendekeza: gari likitembea kabla ya mvua za kupandia, kijiji kimwachie mikononi mwake maisha yake yote. Lisipotembea, chesi na bodi vyote ni vya kijiji. Watu wakapiga makofi. Niliona nimeamua kama hakimu.

Dereva akauliza swali moja tu. "Nani atasema mvua zimeanza?"

"Mvua yenyewe," mwenyekiti akajibu, na watu wakacheka.

Basi akaanza kupanga. Sijaona mtu aliyepanga kitu namna ile, kabla wala baada. Injini aliishusha akaifunika turubai. Chesi ya kijiji aliihamishia uani kwake, hatua chache kutoka lilipokuwa gari, akaiweka juu ya mawe aliyoyachagua mwenyewe. Akaipima kwa kamba ya katani, kona hadi kona, kisha kona nyingine mbili, maana kamba hizo mbili zikilingana chesi imenyooka. Zililingana. Akapima tena mchana, kwa sababu chuma hutanuka juani. Zililingana. Akapima tena siku iliyofuata.

Alitaka kuchimbia nguzo nne zenye panda, za mti mgumu, kuzunguka gari. Bodi ingeinuliwa kidogo kidogo na kukalishwa kwenye miti iliyolala juu ya panda hizo, halafu chesi ya zamani ivutwe kutoka chini na mpya iingizwe mahali pake. Alichimba mashimo, akayafukia, akachimba upya kando, kwa sababu upande mmoja udongo ulikuwa wa kichuguu na ungedidimia. Akaandika alama za chaki nyeupe kwenye bolti zote za kufungua. Sehemu nyingine akafunga vitambaa vyekundu. Kila mtu aliyepita njia alimkuta anatazama.

"Huyu ana wake wawili," mkewe aliwaambia majirani, "na mimi ndiye mdogo. Mkubwa amevuliwa nguo uani, kila mtu anamwona."

Kiangazi kikaisha hivyo. Mtama ukavunwa. Mwenyekiti alinisimamisha ghalani. "Ndugu Katibu, rafiki yako anapima nini kila siku? Chuma kinakua?"

Nikaenda kumwona. Nilimkuta uvunguni, nikachuchumaa.

"Mzee, kwani hatuwezi kuinyanyua tu? Bodi ni bati jepesi. Watu tunao."

"Watu wa kunyanyua unao," akasema bila kutoka. "Watu wa kunyanyua halafu wakasikia nikisema simama, unao wangapi?"

"Lini sasa?"

"Sijaridhika na bushi za kukalishia bodi. Naenda Musoma kuzichongesha. Na bolti."

Lazima nieleze kitu kuhusu watu wetu. Wakati wa operesheni, wengi walihama na mapaa yao. Kuta za udongo ziliachwa zianguke. Paa la nyasi liling'olewa zima, likabebwa mabegani na wanaume wengi, mmoja akiimbisha, mpaka kwenye kuta mpya. Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu mmoja usio na mjadala: paa likishatoka kwenye kuta halisimamishwi njiani, wala halirudishwi lilikotoka. Likisimama, walisema, nyumba hiyo itatoa maiti kabla ya mavuno. Likikwama kwenye tawi, ni tawi litakalovunjika. Nilikuwa nimeshika mapaa mengi mwenyewe. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na siku ile halikunijia kichwani.

Dereva akaenda Iringo kwenye karakana aliyoiamini. Alisema angerudi kesho yake. Hakurudi. Siku zikafuatana. Kutoka Bunda ikaja taarifa kwamba mbegu ziko tayari, kila kijiji kifuate chake. Upande wa ziwani mawingu yakawa yanasimama kila alasiri, meusi chini, na upepo wa baridi unapita juu ya mashamba yaliyokwisha kulimwa. Mwenyekiti akaniambia bila mzaha wowote, "Matone yakianguka, Katibu, nitaitisha kikao. Usiniletee huruma."

Nikaamua kumwokoa. Ndivyo nilivyojiambia. Bodi ingekuwa juu ya chesi mpya atakaporudi, zibaki bolti tu na injini. Nikaenda kwa mkewe kumweleza.

"Umemuuliza?" akasema.

"Atafurahi, mama."

"Sikukuuliza kama atafurahi."

Nilimsikia vizuri. Nikaenda kuwaita watu.

Walikuja wengi, wale wale wa mapaa, na mzee aliyekuwa akiwaimbisha, mfupi, mwenye jicho moja jeupe. Niliingia uvunguni na spana nikafungua kila bolti yenye chaki nyeupe, na nilikuwa mwangalifu, nilizihakiki zote. Kwenye shafti ya usukani, pale inaposhuka kutoka ndani ya gari kwenda kwenye chesi, palikuwa na kitambaa chekundu. Nilikiona. Nilidhani ni tambara la kufutia mikono, shafti nikaiacha imefungwa.

Wanaume wakajipanga pande zote, wakaingiza miti chini ya bodi, mabega yakaingia. Yule mzee akaanza. Wimbo ule huanza chini, taratibu, na wote huitikia kwa pumzi, na ukifika kiitikio cha pili miguu huondoka. Bodi ikainuka. Nilihisi furaha mpaka kooni. Kitu alichokipanga miezi yote kiliinuka kwa pumzi mbili. Kisha upande wa mbele ukagoma. Niliona usukani unazunguka wenyewe ndani ya gari lisilo na mtu, kisha ukakaza.

"Simameni," nikasema.

Kiitikio cha pili kikawa kimefika.

"Simameni. Imeshika."

"Usilisimamishe, Katibu," mtu mmoja akanijibu akiwa ameinamisha kichwa chini ya mti, jasho linamtiririka. "Limeshatoka. Utatuulia mtu."

Nikakimbia mbele nikaushika mti kwa mikono. Nilikuwa peke yangu upande wa kusimama. Wao walisikia kitu kinawazuia, na wakafanya wanachofanya siku zote kitu kinapozuia: waliimba kwa nguvu zaidi wakavuta. Sauti iliyotoka sijaisahau, kama mfupa wa ng'ombe unapovunjwa kwa shoka, na baada yake mlio mrefu wa bati linalochanika. Usukani ukalala upande. Ukuta wa mbele, ule unaoshika milango na kioo, ukapasuka kutoka juu mpaka sakafuni. Wakatembea hatua zile chache, wakaikalisha bodi juu ya chesi ya kijiji kama paa juu ya kuta, kwa upole kabisa, wakamaliza wimbo. Wakapiga makofi. Kwa mbali lilikuwa gari.

Dereva alirudi alasiri ya siku iliyofuata. Basi lilimshusha Nyamuswa akatembea, mfuko wa bolti begani. Sisi tulikuwa tumekaa uani kwake tukimsubiri, maana kumkimbia kungekuwa kubaya zaidi. Mkewe alikuwa ndani, mlango ameufunga. Dereva akaweka mfuko chini, akaweka mikono nyuma, akalizunguka gari. Alipofika mbele akasimama. Akagusa mpasuko kwa kidole, akaufuata mpaka chini.

"Nani aliimbisha?" akauliza.

Mzee wa jicho jeupe akasema ni yeye.

"Nasikia uliimba vizuri."

Kisha akauokota ule mfuko, akaja nilipokaa, akauweka magotini kwangu. "Hizi za kijiji," akasema. Ulikuwa mzito. Akaingia ndani.

Mvua ilianza siku chache baadaye. Kikao kikakaa, nikalisoma sharti langu kwa sauti, na mwenyekiti akauliza nani anapinga. Hakuna aliyepinga. Mwenyekiti akauliza nani anaafiki, na Dereva naye akanyoosha mkono. Wilaya ikaleta fundi, akaunga ule ukuta, akafunga usukani mwingine, na msimu uliofuata landrova ilikuwa inabeba mbegu ikiwa na dereva mpya. Ilibeba na mengine. Ilimpeleka mwenyekiti kwenye harusi.

Dereva akashika jembe. Alifika shambani kabla ya kengele, na watu walimwona akilizunguka shamba kwanza, mikono nyuma, ndipo aanze mstari wake. Hakuwahi kunisema mbele za watu. Alinisalimu kila siku, jambo lililonitesa kuliko matusi. Lakini kwenye gari lile hakupanda. Mkewe alipougua homa kali, niliagiza gari lipelekwe mpaka mlangoni. Dereva akatoka, akamwambia yule dereva mpya azime injini asichome mafuta ya kijiji. Halafu akafunga machela, akawaita ndugu zake, wakambeba mkewe kwa miguu mpaka zahanati ya Nyamuswa. Alipona. Baada ya kupona alimsema mumewe mwezi mzima, na alikuwa na haki. Hata mimi nilimwona mkatili siku ile. Sikuwa na mdomo wa kumwambia.

Miaka ikaenda. Ujamaa ukafifia, shamba la pamoja likagawanywa, watu wakahama na mabati yao safari hii. Landrova ikafia kando ya ghala lile lile. Mimi nikafanya kazi huku na huko, nikastaafu, na katika yote niliyokosea maishani, nayo ni mengi, ile sauti ya bati ndiyo iliyokuwa ikinirudia. Nikasikia kwamba Dereva yuko Manyamanyama kwa binti yake na macho yamekwisha. Nikapanda basi kwenda Bunda.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka la binti yake, karibu na barabara. Koti halikuwa lile, lakini lilikuwa la kaki.

"Shikamoo, mzee."

Akageuza kichwa kuisikiliza sauti. "Marahaba, Katibu. Unaandikaga masharti hata sasa?"

Binti yake aliniletea kiti na soda. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu nyumbani, na niliyasema yote: kwamba ni mimi niliyewaita watu, kwamba nilikiona kitambaa chekundu, kwamba mkewe alinionya. Alisikiliza bila kunikatisha. Malori yaliyokuwa yakishuka kuelekea Mwanza yalitikisa chupa za dukani.

"Umekaa na hilo tangu siku zile?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi nusu ni yangu." Akajikuna goti. "Bushi zilikuwa tayari siku ile ile niliyofika Musoma. Siku zilizobaki nilikaa tu Iringo, barazani kwa ndugu yangu, natazama magari ya watu."

Sikuelewa. Nilimwambia sikuelewa.

"Nguzo zilikuwa tayari hamjavuna mtama. Chesi ilikuwa imenyooka tangu nilipoipima mara ya kwanza."

"Sasa ulikuwa unapima nini?"

"Nilikuwa najichelewesha. Lilipolala pale uani bila chesi yenu, lilikuwa gari langu. Siku litakapokaa juu ya chesi yenu, liwe mikononi mwangu au lisiwe, mngekuja asubuhi mkaniambia, Dereva, mpeleke mwenyekiti harusini."

"Tulimpeleka."

"Najua. Nilikuwa shambani. Mlinipita na vumbi lenu."

Nilikunywa soda kidogo kwa sababu sikuwa na la kufanya na mikono yangu. Kitu kilikuwa kinalegea kifuani mwangu, na nadhani alikisikia kwenye pumzi yangu, kwa sababu akainua kidole.

"Usifurahi. Usukani mliuvunja ninyi."

"Ni kweli."

"Na mlinyanyua kwa wimbo mmoja. Mimi miezi yote hiyo. Hilo ndilo lilinifanya ninyooshe mkono kwenye kikao. Niliona aibu."

Binti yake alikuwa anauza sabuni dirishani na kurudisha chenji. Nilikuwa na swali ambalo sikulipanga, nikaliuliza.

"Mzee, tungekuja kukuuliza kwanza. Ningekufuata Iringo nikakuuliza, watu wapo, tunyanyue au tusinyanyue. Ungesema nini?"

Akageuza uso kuelekea barabarani, kwenye malori asiyoyaona, na midomo yake ikawa inacheza kama mtu anayepima kitu kwa hesabu na hataki kukikosea.

"Ningesema bado," alisema. "Na mvua ingetukuta hapo hapo."